Mbung'o Mwenye Mate Mabovu

Watu wengi humdhania mbung'o kuwa ni chombo tu cha kuchukulia maradhi: hunyonya vijidudu vya malale kwa mgonjwa, kisha akavitia mwilini mwa mzima. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha jambo moja kubwa. Kimelea hicho hakiketi bure safarini. Humbadilisha mchukuzi wake hata akasumbuka kupata mlo wake.

Ili kulifahamu jambo hili yatupasa kwanza kujua namna mbung'o alavyo. Mdudu huyu, dume na jike, hali kitu ila damu. Mrija wake hauingii katika mshipa mmoja kama sindano ya daktari. Hupasua mishipa midogo chini ya ngozi, damu ikatuama, naye akainywa. Damu iliyotuama huganda upesi, na kwa hiyo mbung'o hutema mate yenye protini za kuizuia isigande.

Sasa, vijidudu vya malale, viitwavyo tripanosoma, vikiisha kukua tumboni husafiri hadi katika tezi za mate, vikajishikiza ukutani mwake kwa mikia yao myembamba. Mwaka 2010 watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba mate ya mbung'o wa namna hiyo hupungukiwa sana na protini hizo. Mlo wake huchukua muda mrefu zaidi, na kila atemapo mate hutema na vijidudu.

Je, tuseme kimelea kinamwamrisha mbung'o? Neno hilo naliona kubwa mno. Njaa ni ya mbung'o mwenyewe. Kimelea kimeharibu kifaa chake kimoja tu.

Kuhusu tripanosoma za nagana, maradhi ya ng'ombe, ambazo baadhi yake hukaa ndani ya mrija wenyewe, wataalamu waliandika mwaka 1980 kwamba mbung'o wenye vijidudu hivyo hudunga mara nyingi zaidi. Majaribio mengine ya baadaye hayakuiona tofauti hiyo, na mwalimu asiifundishe kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Hata penye malale, mbung'o wenye vijidudu hivyo katika tezi za mate kwa kawaida hawafiki mmoja katika mia. Lakini huyo mmoja hula polepole, na mnyama anayeumwa huchoka kuvumilia. Pongo akitikisa ngozi, mbung'o huruka kabla hajashiba, akaenda kumdunga mwingine.