Zamu ya Sikukuu Hospitalini: Jinsi ya Kuipitia Vizuri

Krismasi ikikaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam huteremsha watu Same mchana na usiku. Wapare wanarudi nyumbani, Suji, Mbaga, Chome na Gonja. Lakini wodi haifungwi. Mama hujifungua, mtoto hupata homa, na barabara kuu iliyojaa magari huleta majeruhi. Kama jina lako liko kwenye zamu ya siku hiyo, haya yatakusaidia.

Badilishaneni zamu mapema

Upare una Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na Wasabato, na huo ni utajiri katika kupanga zamu. Mwislamu akishika Krismasi, Mkristo naye ashike Idd. Msabato, ambaye hupumzika tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, anaweza kushika Jumapili ya Pasaka. Kwa kuwa Idd hutegemea mwezi kuandama, acheni nafasi kwa siku mbili. Mabadiliko yote yaandikwe na kuidhinishwa na muuguzi mfawidhi. Makubaliano ya mdomo ndiyo huacha wodi bila mtu.

Jua haki yako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema:

- Anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa.
- Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa angalau asilimia 5.
- Mjamzito hapangiwi zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua.

Weka kumbukumbu ya saa zako. Kama ni mtumishi wa serikali, muulize pia afisa utumishi kuhusu posho ya zamu.

Kabla ya zamu

- Lala mchana, hata saa moja na nusu, kabla ya zamu ya usiku.
- Desemba ni msimu wa vuli na barabara za milimani huteleza. Kama unakaa juu, shuka mapema.
- Hakikisha damu ipo. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa, na mwezi huo shule zimefungwa.
- Jua nani ana zamu ya gari la wagonjwa. Rufaa ya kwenda KCMC, Moshi, ni safari ya kama kilomita 100.

Ukiwa kazini

Kuleni pamoja kwa kupokezana, mmoja akibaki na wagonjwa. Sufuria moja ya makande hufanya wodi iwe nyumbani. Usiku wa manane kula kidogo, na acha chai ya rangi na kahawa saa chache kabla ya kwenda kulala. Makabidhiano yafanyike kitandani kwa mgonjwa, si mlangoni huku mtu amebeba mkoba.

Ukirudi nyumbani

Usiendeshe pikipiki ukiwa na usingizi. Waambie watoto mapema ni siku gani mtasherehekea, kisha ishike siku hiyo. Kwa mtoto, tarehe 27 yenye mama au baba mezani ni sikukuu kamili.

Huzuni au kukosa usingizi kukiendelea zaidi ya wiki mbili, zungumza na mtaalamu. Anayehudumia wengine naye anastahili kuhudumiwa.