Maiti Asiye na Mwenyewe

 

Kila mji wetu una watu wanaolala kwenye baraza za maduka, stendi ya mabasi na sokoni. Siku ya Ijumaa tunawapa sadaka. Sura zao tunazijua, majina hatuyajui. Kisha asubuhi moja baraza huwa tupu. Je, mtu kama huyo akifariki ana haki gani juu yetu?

Wanavyuoni wamekubaliana kuwa kumwosha maiti Mwislamu, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wengi tumehifadhi nusu ya kwanza ya hukumu hii, kwamba wakitekeleza baadhi, waliobaki wamesalimika. Nusu ya pili ndiyo nzito: asipotokea mtu, wote waliojua na wakaweza wana dhambi. Maiti mwenye jamaa hana shida, watu hupokezana jeneza lake mpaka makaburini. Fardhi hii hupimwa kwa yule wa barazani.

Gharama nazo zina utaratibu. Katika madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), kwanza hutazamwa mali aliyoacha mwenyewe, hata ikiwa ni shilingi chache alizofunga kwenye pindo la shuka. Zisipotosha, ni juu ya yule aliyewajibika kumlisha uhaini mwake, kisha Baitul Mali, kisha Waislamu wenye uwezo. Kwa hiyo sanda ya maskini ni deni shingoni mwetu, wala si hisani. Vipande vitatu vya bafta kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke ni sunna. Mus'ab bin Umayr (R.A.), aliyelelewa katika neema huko Makka, aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria akiwa na nguo moja fupi. Walipofunika kichwa miguu ilitoka, walipofunika miguu kichwa kilitoka. Mtume (S.A.W.) akaamrisha afunikwe kichwa, na miguuni yawekwe majani ya idhkhir.

Jina pia si sharti. Inatosha kunuia kumswalia maiti huyu aliye mbele yetu.

Katika Bukhari na Muslim, Abu Huraira (R.A.) amepokea habari za mtu mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Riwaya zimetofautiana kama alikuwa mwanamume au mwanamke, na hilo lenyewe linaonyesha jinsi watu wasivyomtilia maanani. Alifariki, wakamzika bila kumwarifu Mtume, wakiliona jambo lake dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia hapo hapo. Tazameni alivyoanza: aliona kuwa mtu hayupo. Abu Huraira mwenyewe alikuwa miongoni mwa Ahlu Suffa, masahaba wasio na nyumba waliolala msikitini, basi huenda habari hii ilimgusa zaidi kuliko wengine.

Huko Marekani, tangu mwaka 1990, watu hukusanyika tarehe 21 Desemba au karibu nayo, usiku mrefu kuliko yote kwao, wakasoma majina ya waliofariki bila makazi. Sisi tunazo dua kila baada ya swala, na si vibaya kujiuliza ni lini tuliwataja hawa.

Kufa hakumwondolei mtu haki zake. Vitu vilivyokutwa mfukoni mwake ni tarika, haifai aliyemkuta kujigawia. Akigongwa na gari, dereva hasalimiki kwa sababu tu hakuna ndugu wa kudai. Katika fiqhi, asiye na warithi walii wake ni kiongozi wa Waislamu. Aliyeona ajali ana ushahidi, na kuficha ushahidi ni dhambi.

Maiti asiyetambuliwa huwekwa mochwari kwa muda, kisha manispaa humzika. Kamati ya msikiti iende kabla ya hapo, pamoja na mtu aliyekuwa akimwona, ashuhudie kama alikuwa akiswali. Baada ya mazishi iandikwe katika daftari tarehe, umri wa kukisia, alama ya mwilini, nguo alizovaa na mahali kaburi lilipo. Huenda ana mama bara anayemngoja. Akija ndugu yake baada ya miaka mitatu, apate kuonyeshwa kaburi na kumwombea dua.