Umri wa Kujiunga na Jeshi la Hiari

Unapojiandaa kwa mtihani huu, huenda una umri wa miaka 17 au 18. Darasani, tofauti ya mwaka mmoja si kitu. Katika uwanja wa usajili wa makurutu, tofauti hiyo huamua nani atapimwa na nani atarudi nyumbani. Soma mada hii kwa makini kwa sababu watahiniwa wengi huchanganya tarakimu tatu: 15, 16 na 18.

Maana ya jeshi la hiari

Ni jeshi la taifa ambalo askari wake hujiunga kwa kupenda wenyewe, bila kulazimishwa na sheria. Jeshi la Ulinzi la Kenya ni la aina hii. Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinalipa matawi matatu: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji.

Kikomo cha chini

(a) Miaka 15: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unakataza kumwandikisha jeshini mtoto aliye chini ya umri huu. Mkataba wa Roma wa 1998 uliufanya usajili huo kuwa uhalifu wa kivita. Mnamo 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri nchini Kongo, kifungo cha miaka 14 kwa kosa hili.

(b) Miaka 16: Itifaki ya Hiari ya 2000 ilipandisha kikomo. Taifa linaweza kumsajili kijana wa miaka 16 au 17 anayejitolea, kwa masharti: mzazi au mlezi akubali, kijana aelezwe kikamilifu majukumu ya kazi, na umri wake uthibitishwe. Taifa lazima pia lijitahidi kuhakikisha kuwa hashiriki vitani moja kwa moja. Uingereza husajili kuanzia miaka 16.

(c) Miaka 18: Itifaki hiyo hiyo inapiga marufuku kumlazimisha yeyote aliye chini ya miaka 18. Makundi yenye silaha yasiyo ya serikali hayaruhusiwi kumchukua kamwe, hata akijitolea. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 hauachi mwanya wowote: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hasajiliwi. Kenya iliporidhia Itifaki mwaka 2002, ilitangaza kikomo chake kuwa miaka 18.

Sababu za kikomo hiki

Askari hukubali kutii amri inayoweza kumgharimu maisha. Ridhaa kama hiyo huhitaji akili iliyokomaa. Isitoshe, kijana mwenye njaa au asiye na karo anaweza "kujitolea" kwa kukosa njia nyingine. Hiari ya namna hiyo ni ya jina tu.

Kikomo cha juu

Matangazo ya usajili wa makurutu nchini Kenya kwa kawaida hutaja miaka 18 hadi 26. Mafunzo ni magumu na huhitaji mwili wenye nguvu. Pia, jeshi hutaka askari atumikie miaka mingi baada ya kufunzwa.

Zingatia

Usikubali mtu akubadilishie mwaka wa kuzaliwa katika cheti, ama kuuongeza umri ama kuupunguza. Kughushi stakabadhi ni kosa la jinai. Ukiwa na miaka 17 leo, mwakani utakuwa na 18, na nafasi haitakuwa imekupita. Rekodi ya uhalifu haifutiki kwa urahisi hivyo.

Maswali ya udurusu

1. Tofautisha kikomo cha miaka 15 na cha miaka 16 katika sheria ya kimataifa. (alama 4)
2. Taja masharti matatu ya kumsajili kijana wa miaka 17 kwa mujibu wa Itifaki ya 2000. (alama 3)
3. "Hiari ya mwenye njaa si hiari." Jadili kauli hii ukirejelea usajili wa vijana jeshini. (alama 5)