Funksheni Wazi za Lugha ya C za Kutafuta Njia Halisi ya Faili

1. Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ya kuunda, kwa lugha ya C, funksheni zinazotafuta njia halisi ya faili. Jambo hili ladhaniwa kuwa dogo, lakini programu iliyokosea njia yaweza kufuta faili isiyohusika, au kumfungulia mtu hati asiyoruhusiwa kuisoma.

2. Njia iandikwavyo na njia ilivyo

Tuchukue njia hii: /kazi/vitabu/../barua. Nukta mbili humaanisha saraka iliyo juu. Msomaji wa maandishi tu atafuta “vitabu/..” na kupata /kazi/barua. Lakini tangu 4.2BSD ya mwaka 1983, mifumo ya jamii ya Unix imekuwa na viungo, yaani majina yanayoelekeza kwenye njia nyingine. Ikiwa /kazi/vitabu ni kiungo kiendacho /ghala/zamani/vitabu, mfumo utafuata kiungo kwanza, ndipo upande juu. Jibu sahihi ni /ghala/zamani/barua. Basi kusafisha maandishi ni kazi moja, na kuuliza diski ni kazi nyingine. Kila moja istahili funksheni yake na kitenzi chake: safisha_njia isiguse diski kamwe, tafuta_njia_halisi iiulize. Funksheni moja ikifanya yote mawili chini ya jina moja, mtumiaji hatajua amepewa jibu la aina gani.

3. Nani mwenye kumbukumbu?

Funksheni ya kawaida iitwayo realpath hupokea njia pamoja na mahali pa kuweka jibu, bila kuambiwa ukubwa wa mahali hapo. Mwitaji hutakiwa kutenga baiti zisizopungua PATH_MAX, ambayo katika Linux ni 4096. Akitenga chache, jibu laweza kumwagika juu ya data nyingine. Kanuni za POSIX za mwaka 2008 zilileta nafuu: mwitaji akitoa NULL, funksheni hutenga kumbukumbu yenyewe, naye hupaswa kuiachilia kwa free. Katika funksheni zetu tuseme wazi, kwa mfano:

int tafuta_njia_halisi(const char *njia, char *jibu, size_t ukubwa);

Neno const laahidi kwamba njia tuliyopewa haitabadilishwa. Ahadi hii si bure: dirname, kwa mujibu wa POSIX, yaruhusiwa kuyabadili maandishi iliyopewa, na wengi wamenaswa hapo. Ukubwa nao huizuia funksheni kuandika kupita mpaka.

4. Makosa yatajwe kwa majina yao

Kusema “imeshindikana” hakutoshi. ENOENT yamaanisha sehemu fulani ya njia haipo. EACCES, hatuna ruhusa ya kupita. ELOOP, viungo ni vingi mno au vinazungukana (Linux hukoma baada ya viungo 40). Kila kosa lina dawa yake, hivyo funksheni yetu irudishe 0 ikifaulu, ama namba ya kosa lenyewe.

5. Mpaka wa funksheni hizi

Hata jibu sahihi laweza kuchakaa. Kati ya kuikagua njia na kuifungua faili, mtu mwingine aweza kubadili kiungo. Kwa hiyo njia halisi isitumiwe kama mlinzi wa mlango. Penye hatari, afadhali kufungua saraka kwanza, kisha kufungua faili kuanzia hapo kwa openat, Linux 5.6 ya mwaka 2020 iliongeza openat2, iwezayo kukataa njia yoyote itokayo nje ya saraka hiyo.

6. Hitimisho

Uwazi wa funksheni huanza katika lugha: kitenzi kimoja kwa tendo moja, mwenye kumbukumbu ajulikane, kosa liitwe kwa jina lake. Wanafunzi wetu wakizoea kueleza kila funksheni kwa sentensi moja ya Kiswahili kabla ya kuiandika, watagundua mapema ile isiyoelezeka. Nayo ndiyo yapasa kugawanywa.