Mshairi wa Kimbo ana haja gani ya kuazima minazi ya pwani?

WIKI chache zilizopita, mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini na shairi la beti saba. Lilikuwa limepangika barabara. Kila mshororo ulikuwa na mizani 16 na vina havikuyumba popote. Ndani yake mlikuwa na mawimbi, majahazi, minazi na upepo wa kaskazi.

“Umewahi kuishi pwani?” nikamwuliza.

“Hapana, Profesa. Hata Mombasa sijafika.”

“Basi unaishi wapi?”

“Kimbo, hapo Ruiru.”

“Na huko Kimbo kuna nini?”

Akacheka. “Kimbo hakuna kitu, Prof. Ni matatu na vumbi tu.”

Jibu hilo halijanitoka akilini hadi leo. Kwa miaka mingi nimesoma tungo za vijana wa bara, na wengi wao hudhani kwamba mtu hawi mshairi wa Kiswahili mpaka aazime bahari. Eti ushairi uko Lamu na Mombasa, na wao waliozaliwa Thika au Ruiru hawana budi kuutazama kwa mbali. Mimi nashikilia kuwa dhana hiyo ina makosa, na washairi wa pwani wenyewe ndio mashahidi wangu.

Hebu tumwangalie Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Wataalamu husema kuwa aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga kuhusu siasa za mji wake zama za Wamazrui, mapenzi, biashara na shida za majirani. Malighafi yake ilikuwa mtaa aliokuwa akiupita kila siku.

Naye Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utendi wake maarufu mnamo 1858, hakwenda mbali kutafuta maudhui. Aliandika juu ya usafi wa nyumba, kujipamba, manukato na maisha ya mke na mume. Tunaweza kubishana leo kuhusu wosia wenyewe, na tunabishana kwelikweli madarasani. Hata hivyo, hakuna anayekana kuwa utendi huo ulichipuka nyumbani mwake.

Vivyo hivyo katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitaka kuionya nafsi yake kuhusu ubatili wa dunia. Angeweza kuhubiri tu. Badala yake alituingiza katika majumba ya Pate yaliyobomoka, akatuonyesha madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya thamani sasa yakiwa viota vya ndege. Tunaliamini onyo lake kwa sababu tumeyaona madaka hayo.

Wapo watakaoniambia kuwa hao wote ni Wapwani. Sawa. Basi tumtazame Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka wa 1974, wengi walimkumbuka kwa ugomvi wa mashairi huru na yale ya arudhi. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele. Alikileta kijiji chake cha bara katika Kiswahili bila kuomba radhi.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu kabisa na Kimbo. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, na sehemu ya kifungo hicho aliitumikia katika gereza la Kamiti, ambalo si mbali na Ruiru. Tungo zake za gerezani ndizo zilizozaa Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka 1973. Humo mna shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi, nao mnazi huo unabeba mzozo mzima wa nchi. Mombasa alikozaliwa, mnazi ni mti wa uani. Kwa hiyo hata alipozungukwa na kuta nne za bara, alitunga kwa mti alioujua tangu utotoni. Anayeuiga mnazi wake bila kuujua anaiga jani tu, mzizi haupati.

Sasa turudi Kimbo, mahali pasipo na kitu. Mimi hupita huko mara kwa mara. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa kando ya barabara kuu ya Thika, unaweza kuuona Mlima Kenya umesimama mbali kana kwamba umechorwa usiku. Upande wa pili kuna Kilimambogo. Malori yaliyojaa mawe ya Ndarugu yanapita yakielekea kwenye mijengo. Makanga anaita abiria kwa mdundo ambao mwenye sikio angeweza kuuhesabia mizani. Mama mboga anakatakata sukuma wiki bila kuutazama mkono wake. Yote hayo ni mashairi yanayongoja mtunzi.

Isitoshe, kuna kahawa. Ruiru ndiko ilikofanyiwa utafiti aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 ili kustahimili magonjwa. Kiswahili huuita mti wa kahawa mbuni. Neno hilohilo, kwa matamshi na maandishi, ni jina la yule anayebuni. Ukisema “mbuni wa Ruiru”, msikilizaji hana njia ya kujua kama unazungumzia mti au mtunzi. Lugha imempa kijana wa Kimbo tamathali ya bure, naye bado anaitafuta Lamu!

Simlaumu, maana kosa lake nililifanya kabla hajazaliwa. Nilikulia katika mashamba ya kahawa ya eneo hilihili. Mama yangu alikuwa akichuma kwa malipo ya debe, kikapu kiunoni, tangu kungali na umande. Vidole vyake vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Nilipoanza kutunga nikiwa sekondari, shairi langu la kwanza lilihusu jahazi. Nilikuwa sijaliona jahazi hata siku moja.

Mama ametangulia mbele ya haki. Shamba alilochumia limekatwa ploti za hamsini kwa mia. Kwingineko Ruiru, palipokuwa na mibuni sasa panajengwa mji wa Tatu City. Sipingi ujenzi, kwani watu lazima walale mahali. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwepo, nilikuwa na macho na lugha, na sina hata ubeti mmoja kuhusu sauti ya kahawa mbivu inapomiminwa kwenye debe. Mandhari yakitoweka bila kuandikwa, hata maneno yake hufuata.

Nilimshauri binti yule mambo matatu. Kwanza, achague kitu kimoja anachokiona kila siku na akitazame kwa wiki nzima kabla ya kuandika. Pili, akiite kwa jina ambalo watu wa hapo hulitumia. Tatu, ajiulize kitu hicho kinamsumbua kwa nini, maana taswira isiyozaa swali hubaki kuwa picha ya ukutani.

Alirudi baada ya siku kumi na shairi kuhusu kijana wa mkokoteni anayewauzia maji. Kwa idhini yake, huu hapa ubeti mmoja:

Bado jogoo kuwika, gurudumu linalia,
Mitungi imepangika, matope ayapitia,
Jasho linamdondoka, miluzi ajipigia,
Kiu yetu hutoweka, yake nani asikia?

Arudhi ni ileile ya lile shairi la bahari. Vina vipo, mizani ipo. Tofauti iko katika mshororo wa mwisho. Tunasema mtu anasikia kiu, na tunasema anasikia kilio. Neno moja hapo limebeba yote mawili. Swali hilo asingelipata baharini, kwa sababu baharini hakuwa na mtu aliyemjua.

Nilimwuliza kama bado anaamini kuwa Kimbo hakuna kitu. Akasema, “Profesa, shida sasa ni kwamba kuna vitu vingi mno. Sijui nianze na kipi.”

Nikamwambia aanze na kile kitakachobomolewa kwanza.