Punje za kete ya sitini na nne

Msomaji wetu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, ameleta ubishi wa barazani. Bao lina kete 64. Kete ya kwanza ikipewa punje 1 ya mahindi, ya pili 2, ya tatu 4, maradufu hivyo hivyo hadi ya mwisho, jumla ni punje ngapi? Na je, ni namba tasa? Jirani yake Mmalawi, ambaye mchezo huo anauita bawo, ameshikilia kuwa ni tasa kwa sababu haigawanyiki kwa 2.

Jumla ni 18,446,744,073,709,551,615. Punje moja ikiwa na gramu 0.3, hizo ni zaidi ya tani trilioni 5. Malawi ikivuna tani milioni 3 kila mwaka, itahitaji zaidi ya miaka milioni moja na nusu.

Si tasa, na hilo halina mjadala: inaishia na 5, hivyo inagawanyika kwa 5. Lakini tukikomea hapo tumeuacha utamu wote. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 64, toa 1, na mraba wowote ukiutoa 1 hupasuka kwa majirani. 8 mara 8 ni 64. Toa 1, zinabaki 63, yaani 9 mara 7: jirani wa juu na jirani wa chini wa 8. Yetu nayo hupasuka kuwa 4,294,967,297 mara 4,294,967,295. Huyu wa chini naye ni mraba uliotolewa 1! Anapasuka: 65,537 mara 65,535. Wa chini tena: 257 mara 255. Halafu 17 mara 15, halafu 5 mara 3. Kila hatua wa juu hubaki, wa chini hupasuliwa.

Tumebaki na 3, 5, 17, 257, 65,537 na lile pandikizi la 4,294,967,297. Tano za kwanza ni tasa (jina silipendi: namba zinazozaa nyingine zote kuitwa tasa! Ila shuleni ndilo lililozoeleka). Pandikizi lilimponza Mfaransa Pierre de Fermat, aliyeamini nalo ni tasa, mpaka mwaka 1732 Leonhard Euler alipokipata kigawo chake, 641.

Pandikizi basi huvunjika kuwa 641 na 6,700,417, zote tasa. Hivyo vigawo tasa ni saba, hakuna kinachojirudia, na vigawo vyote kwa ujumla ni 128. Tukivijumlisha bila namba yenyewe, haviifikii. Kwa hiyo tunaiweka katika kundi la pungufu, tofauti na 6, iliyo kamilifu kwa kuwa 1, 2 na 3 huijaza sawasawa. Namba yetu ndiyo pia namba nzima kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 64, kipimo cha prosesa za simu nyingi za leo.

Anayebisha bado achukue karatasi na kalamu, azidishe 641 kwa 6,700,417.