Kwa Nini Picha za Droni Hupotoka Rangi?

Mchanga mweupe wa pwani ya Unguja, ukipigwa picha kutoka angani wakati wa adhuhuri, huweza kutokea kijivu kama majivu. Muda mfupi baadaye, droni ikielekea juu ya maji ya kina, mchanga ule ule ulio pembeni mwa picha hutokea mweupe mtupu, usioonyesha hata alama ya nyayo. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni hukumu ya kamera.

Kamera ya droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, hujipimia nuru yenyewe. Kipimo chake cha kawaida hudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa yote pamoja, huwa na kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Dhana hiyo hufaa uwanjani penye majani, watu na kuta. Juu ya mchanga mtupu kamera huona nuru imezidi, ikaipunguza. Juu ya mikoko au bahari yenye kina huona giza, ikaongeza nuru.

Rangi nazo huhukumiwa vivyo hivyo. Jua la mchana hukadiriwa kuwa na jotorangi la Kelvini 5,500 hivi, na kivuli huwa na nuru ya buluu zaidi. Kamera iliyoachwa ijiamulie huweza kuudhania ukijani wa msitu kuwa ni kasoro ya nuru, ikajaribu kuusawazisha, na majani yakachujuka na kuelekea wekundu.

Jambo hili si la urembo tu. Mwaka 2016 ilianza kazi ya kupiga picha za ramani za Zanzibar kwa droni, chini ya Kamisheni ya Ardhi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia. Ramani za namna hiyo huunganishwa kutokana na picha nyingi zinazopandana kingo. Kila picha ikihukumiwa peke yake, ramani hutokea na viraka, na mtafiti anayetafuta mikoko inayokauka aweza kukidhania kiraka cha nuru kuwa ni ugonjwa.

Tiba ya kwanza, basi, ni kuinyima kamera uhuru huo: nuru na rangi zipangwe kwa mkono kabla ya kazi kuanza, zisibadilishwe ila hali ya hewa ibadilikapo. Upimaji ufanywe juu ya sehemu nyeupe kuliko zote. Katika picha ya kawaida kila rangi ya msingi hupewa tarakimu kuanzia 0 hadi 255. Ikishafika 255, nuru inayozidi haiandikwi popote, na hakuna ufundi wa kuirudisha. Sehemu yenye giza yaweza kuinuliwa baadaye, ingawa huja na chengachenga.

Filamu ina shida yake. Ikipigwa fremu 25 kwa sekunde, mwendo huonekana laini shata ikifunguka kwa 1/50 ya sekunde. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba penye jua kali, ISO 100 na kitundu cha f/16 hutaka 1/100. Droni nyingi ndogo zina kitundu cha f/2.8 kisichobadilika, kinachopitisha nuru mara 32 zaidi; muda huwa 1/3200. Ili kufikia 1/50 hatuna budi kupunguza nuru mara 64, na hiyo ndiyo kazi ya chujio jeusi linalovikwa kwenye lenzi. Kwa picha za ramani chujio hilo liondolewe: droni iendayo mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 20 katika 1/50 ya sekunde, lakini sentimita 1 tu katika 1/1000.

Mistari ya giza inayopitapita juu ya filamu mara nyingi ni vivuli vya rafadha vinavyoangukia lenzi. Geuza droni jua liwe nyuma.

Mwalimu asiye na droni aweza kutumia simu. Karatasi nyeupe ijaze picha nzima, kisha kitambaa cheusi: zote mbili zitaelekea kijivu. Sasa elekeza kamera kwenye majani ya kawaida, funga kipimo cha nuru, upige tena karatasi na kitambaa kwa kipimo hicho hicho.